Kondoo Aliyebebeshwa Ugonjwa

Soma kwa ajili ya somo hili: Mambo ya Walawi 14:1-7; 16:20-22; 2 Wafalme 1:1-6; 18:4; Isaya 53:4; Ezekieli 21:21; Mathayo 8:14-17; 1 Wakorintho 8:4-9; 10:25-29; Waebrania 10:1-10.

Swali hili huja darasani kwa sauti ya chini, na kwa kawaida hulitoa mtu mwenye mgonjwa nyumbani: je, mwamini anaweza kupokea tiba ya kienyeji ambayo ndani yake mna mnyama? Jibu la haraka ni hapana, hayo ni mambo ya waganga, kisha darasa linaendelea na fungu linalofuata. Aliyeuliza anarudi nyumbani na mgonjwa wake, akiwa na hapana mkononi na hana kingine.

Maisaka ni mahali panapofaa kulipima swali hili polepole. Kata hiyo imo katika mji wa Babati, mji ulio karibu na mlima Kwaraa na Ziwa Babati lenye viboko wake, katika nchi ya Wagorowa, ambao wengine huwaita Wafiomi. Humo wanaishi pia Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarabaigi, na watu wa mikoa mingine waliofuata kazi na biashara. Mtu akiugua, hupewa ushauri wa lugha nne au tano kabla jua halijatua. Mtafiti Ole Bjørn Rekdal wa Norway, katika makala aliyochapisha mwaka 1999, alionyesha kwamba miongoni mwa Wairaqw mgonjwa mara nyingi huvuka mpaka wa kabila lake kutafuta tiba, kwa kuwa uwezo wa mganga wa ugenini huaminiwa kuliko wa jirani. Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa hilo. Lakini lina maana kwa kanisa: Mwadventista wa Maisaka hakabiliwi na desturi moja ya babu zake, ambayo angeweza kuikubali au kuiacha mara moja. Anakabiliwa na soko zima la tiba, na zahanati ni mlango mmoja tu kati ya mingi.

Mnyama anafanya kazi gani?

Katika milango hiyo mingi mnyama yupo, lakini hafanyi kazi ileile kila mahali. Hapo ndipo mjadala mwingi unapoharibika, kwa sababu watu hubishana juu ya mbuzi bila kuuliza mbuzi huyo ametumwa nini.

Kuna mnyama ambaye ni chakula na dawa tu. Mafuta ya kondoo anapewa mwenye kikohozi. Supu ya mifupa anapewa mama aliyejifungua. Wamaasai huenda porini kwa siku kadhaa kula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome na mizizi, ili mwili upate nguvu. Asali ya nyuki hupakwa kwenye kidonda. Juu ya mambo haya Maandiko hayana ugomvi mkubwa. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia (2 Wafalme 20:7), na Msamaria alimimina mafuta na divai katika majeraha ya mtu aliyepigwa njiani (Luka 10:34). Mwadventista atauliza kama mnyama huyo ni safi kwa kuliwa, na kama dawa yenyewe inasaidia au inadhuru. Hayo ni maswali ya Walawi 11 na ya ujumbe wa afya, nayo yana majibu.

Kuna mnyama wa pili, ambaye ametumwa kujibu. Huko Usukumani wapo waganga wanaompasua kuku na kuusoma mwili wake wa ndani ili kujua ugonjwa umetoka wapi. Miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki utumbo wa mbuzi umesomwa kwa namna hiyohiyo. Desturi hii si ya Afrika peke yake. Ezekieli 21:21 inamwonyesha mfalme wa Babeli amesimama kwenye njia panda, akitikisa mishale na kuangalia ini la mnyama ili ajue aende mji upi. Na katika 2 Wafalme 1, Ahazia alipoanguka kutoka dirishani na kuumia, hakukosea kutaka kujua kama atapona. Kila mgonjwa anataka kujua. Kosa lilikuwa mahali alipopeleka swali. Eliya aliwakuta wajumbe wake njiani kuelekea Ekroni na kuwauliza kama katika Israeli hakuna Mungu.

Lipo na jambo lingine juu ya mnyama anayejibu, nalo halisemwi sana mimbarani. Jibu lake lina jina la mtu. Swali la anayepiga ramli ni nani amefanya hivi, na baada ya nyama ya kuku kuliwa, yule aliyetajwa bado anaishi upande wa pili wa uzio. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu waliyopata kwa miaka mingi ya kupika kwenye moshi. Kuku hakumuua mtu yeyote. Lakini palikuwa na kuku katikati ya njia iliyofika kwenye panga.

Kisha kuna mnyama wa tatu, na huyu ndiye anayestahili muda mwingi zaidi. Ametumwa kubeba. Wairaqw wana tambiko la kutakasa nchi liitwalo masay, ambamo mnyama huzungushwa mipakani mwa eneo kabla ya kuuawa, ili maradhi na mikosi vitoke nje ya mipaka hiyo. Kwa kipimo cha nyumba moja, mambo yanayofanana na hayo hufanyika kwa mgonjwa: kondoo au mbuzi huletwa, maneno yanasemwa juu yake, anachinjwa, majani yaliyomo tumboni mwake yananyunyizwa au kupakwa, na pengine kipande cha ngozi yake kinavalishwa kidoleni. Kinachotarajiwa ni kwamba ubaya uliokuwa juu ya mtu umehama na kwenda na mnyama.

Swali kwa darasa: Kati ya kazi hizi tatu, ni ipi inayojulikana zaidi katika mtaa wenu, na je, watu wanaoifanya wangekubaliana na namna ilivyoelezwa hapa?

Pingamizi la mzee

Mzee wa ukoo akiambiwa na mjukuu wake Mwadventista kwamba jambo hili ni baya, ana jibu, na si jibu dhaifu. Atasema: mbona Mungu wenu mwenyewe aliagiza mbuzi? Mbona katika kitabu chenu kuhani anaweka mikono juu ya kichwa cha mnyama na kumpeleka jangwani? Vijana wengi wamerudi kutoka kwenye mazungumzo hayo wakiwa wamenyamazishwa, maana ni kweli yapo.

Ni vizuri basi kusoma kilichoandikwa. Katika Walawi 14 mtu mwenye ukoma anatakaswa kwa ndege wawili. Mmoja anachinjwa juu ya maji yaliyo hai, mwingine anachovywa katika damu na kuachiliwa aruke kwenda mashambani. Msomaji wa Babati anaona mara moja kitu anachokijua. Lakini aya ya 3 inakuja kabla ya ndege. Kuhani anatoka nje ya kambi, anamtazama mgonjwa, na ikiwa ukoma umekwisha kupona, ndipo ndege wanaletwa. Ndege hawakumponya mtu. Walitangaza mbele ya watu kwamba amepona na kwamba anaweza kurudi kwake. Katika sheria yote ya Musa hakuna mnyama anayechinjwa ili homa ishuke. Nyoka wa shaba wa Hesabu 21 ndiye anayekaribia wazo hilo, na yeye alikuwa shaba, hakuwa mnyama. Hata hivyo watu walipoanza kumfukizia uvumba, Hezekia alimvunja vipandevipande (2 Wafalme 18:4). Kifaa kilichotoka kwa Mungu mwenyewe kilivunjwa siku kilipoanza kutegemewa.

Kuhusu mbuzi wa Azazeli wa Walawi 16, Waadventista wana maelezo yao, na hapa yanasaidia. Mbuzi yule hakuchinjwa. Aliletwa baada ya damu ya mbuzi wa BWANA kumaliza upatanisho katika patakatifu, na kwa ufahamu wa kanisa anamwakilisha Shetani, ambaye mwishoni atabebeshwa sehemu yake ya hatia. Hakuwa mwokozi wa mtu yeyote. Tena yapo maneno yaliyosemwa juu ya kichwa chake: Haruni alikiri uovu wa wana wa Israeli, yaani wa watu wake mwenyewe, waliokuwa wamesimama pale. Tofauti na ramli ni kubwa. Ramli huelekeza kidole nje ya uzio, na mikono ya Haruni ilileta ndani ya kambi swali la nani ametenda.

Haya yote ni kweli, na bado hayamalizi neno la mzee. Kuna jambo analolijua ambalo Wakristo wengi wa mjini wamelisahau. Anajua kwamba ugonjwa wa mtoto mmoja si mali ya mtoto huyo peke yake. Anajua kwamba ukoo mzima umeguswa, kwamba ni lazima mtu fulani au kitu fulani kibebe, na kwamba kubeba kuna gharama. Hawezi kuja na mikono mitupu. Pale anapokosea ni juu ya nani anaweza kubeba. Waraka kwa Waebrania 10:4 unakana kwamba damu ya mafahali na mbuzi ina uwezo wa kuondoa dhambi, na unasema hivyo juu ya mbuzi waliokuwa wameagizwa na Mungu, sembuse wale ambao hakuwaagiza.

Mathayo anaweka jibu katika nyumba ya mgonjwa. Mkwewe Petro amelala ana homa. Yesu anamshika mkono, homa inamwacha, na jioni ile wanaletwa wengine wengi. Hapo ndipo Mathayo anapolikumbuka neno la Isaya 53:4 juu ya mtumishi anayechukua udhaifu na kubeba magonjwa (Mathayo 8:14-17). Waumini wamezoea kulisoma fungu hilo chini ya msalaba. Mathayo amelisoma kando ya kitanda cha mama mkwe mwenye homa. Nafasi ya mbebaji, ambayo kondoo wa mzee anasukumwa ndani yake, imeshajazwa, na aliyeijaza aliingia kwa hiari yake mwenyewe. Kondoo hakuulizwa.

Swali kwa darasa: Ni kwa nini ni rahisi kuamini kwamba Kristo alibeba dhambi, na vigumu kuamini kwamba alibeba degedege la mtoto?

Moyo wa nyani

Kabla darasa halijaridhika, ni haki kuutazama upande wa hospitali. Tarehe 26 Oktoba 1984, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Loma Linda huko California, ambayo ni ya Waadventista, daktari mpasuaji Leonard Bailey aliutoa moyo wenye kasoro wa mtoto mchanga na kuweka mahali pake moyo wa nyani. Dunia ilimjua mtoto huyo kwa jina la Baby Fae. Aliishi siku 20 baada ya upasuaji. Nje ya hospitali watu waliandamana kumtetea nyani, na wataalamu wa maadili walibishana kwa miaka mingi kama jambo lile lilikuwa halali. Mwaka uliofuata Bailey alifanikiwa kumpandikizia mtoto mchanga mwingine moyo wa binadamu.

Hakuna anayeweza kusema, basi, kwamba Waadventista hawajawahi kumlaza mnyama karibu na mgonjwa ili mgonjwa aishi. Na yapo mengine ya karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1922 mpaka insulini ya namna ya binadamu ilipoingia sokoni miaka ya 1980, wagonjwa wa kisukari duniani kote waliishi kwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Ndiyo, nguruwe. Waadventista walichoma sindano hizo na wakaendelea kuwa waaminifu juu ya Walawi 11. Anayeumwa na nyoka hutibiwa kwa dawa inayotokana na damu ya farasi waliochomwa sumu ya nyoka kidogokidogo hadi miili yao ikajifunza kuishinda. Maisha ya watu wengi yamepita katika mwili wa farasi.

Mzee wa ukoo akiyasikia haya anaweza kucheka: kumbe mnachinja na ninyi. Naye ana haki ya kucheka kidogo. Lakini tofauti ipo, wala haiko kwenye koti jeupe la daktari. Nyani wa Loma Linda hakuulizwa ni nani amemloga mtoto. Hakuna aliyeamini kwamba ugonjwa ulihamia kwake. Kilichotumika ni moyo wake, nyama yenye kupiga damu, na matokeo yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyapima na kuyalaumu. Mtoto alipofariki, haikusemwa kwamba ukoo ulificha jambo au kwamba mama alikosa imani. Tiba inayokubali kuambiwa imeshindwa inaweza kurekebishwa. Ramli haikubali kuambiwa hivyo. Ikishindwa, inatafuta mtu mwingine wa kutajwa.

Hilo halifanyi swali la nyani lipotee. Mnyama yule alikuwa na uhai wake. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa namna anavyouangalia uhai wa mnyama wake, na kitabu cha Yona kinaishia, kwa namna isiyotarajiwa, na Mungu anayetaja ng'ombe wengi wa Ninawi kati ya sababu za kuuhurumia mji. Punda wa Balaamu alipigwa mara tatu kwa kuona alichokuwa hakioni nabii, na malaika alimdai Balaamu sababu ya kila kipigo (Hesabu 22:32). Mnyama anaweza kuhitajika. Hawi kitu kisicho na bei. Waadventista, ambao kwa sababu ya afya na ya huruma wamefundishwa kupunguza au kuacha nyama, wana wajibu wa kuuliza swali hili hospitalini kwa uzito uleule wanaouliza kwa mganga.

Kakakuona, na viungo vya watu

Kuna tawi moja la matumizi ya wanyama ambalo halihitaji majadiliano marefu, ingawa linahitaji ujasiri. Ni lile la viungo vya wanyama wa porini: mafuta ya simba, ngozi ya chatu, magamba ya kakakuona, moshi wa kinyesi cha tembo kwa mtoto mwenye degedege. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania kakakuona akionekana hupokelewa kama mjumbe: watu huweka mbele yake maji, nafaka na silaha, wakingoja aelekee kipi, ili wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa vita. Leo kakakuona wa aina zote nane wako katika hatari, na tangu mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 biashara ya kimataifa ya wanyama hao imepigwa marufuku. Tanzania ina sheria yake ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo mwamini anayenunua gamba la kakakuona sokoni anavunja sheria ya nchi hata kabla hajafika kwenye amri za Mungu.

Lakini ubaya mkubwa uko kwenye wazo lenyewe, kwamba mwili wa kiumbe una nguvu zinazoweza kukatwa na kubebwa mfukoni. Wazo hilo halijui mahali pa kusimama. Nchi hii imeona lilipofika: watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa kuaminiwa kwamba miili yao huleta utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu hiyo. Si haki kumwekea mama anayechemsha magome ya mti hatia ya wauaji hao. Waganga wengi wa mitishamba waliwalaani kama kila mtu. Ni haki, hata hivyo, kumuuliza anayevaa gamba kwa ajili ya bahati kwamba anaamini nini hasa juu ya mwili wa kiumbe mwingine.

Nyumbani kwa mgonjwa

Yote haya ni mepesi darasani Sabato asubuhi. Ugumu wake unaonekana Jumanne usiku. Tuseme mama mmoja Mwadventista wa Maisaka, aliyeolewa katika familia isiyo ya kanisa, ana mtoto wa miaka mitatu. Mtoto amepata homa kali na kukakamaa mara mbili. Alfajiri baba mkwe anafika na kondoo. Si mtu mbaya. Ameuza magunia mawili ya mahindi kumpata kondoo huyo, kwa sababu anampenda mjukuu wake. Shangazi wa mtoto anasema, kama watu wengi walivyosema katika nchi hii, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo hospitali ingoje kwanza.

Jambo la kwanza hapo si la theolojia. Degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kipimo, na kama ni malaria kali anahitaji sindano ya atesunate mapema iwezekanavyo. Kila saa inayotumika kuzungusha kondoo inatoka kwenye maisha ya mtoto. Mama ana haki, na zaidi ya haki, ya kumbeba mwanawe na kwenda kituo cha afya wakati maneno bado yanaendelea. Anaweza kumwambia baba mkwe kwa heshima zote, "Shikamoo baba, nisamehe, mtoto kwanza," na aondoke. Mzee anayempenda mjukuu huweza kumwelewa mama aliyembeba kuliko mama anayemhubiria.

La pili ni gumu zaidi. Akitakiwa kuchangia bei ya kondoo, asichange, kwa sababu fedha hiyo ingesema kwamba aliyebeba magonjwa alibeba nusu. Anaweza kuchanga nauli, dawa, na chakula cha wageni watakaokuja kuulizia hali, na achange bila kubana, ili ionekane kwamba hakukataa kwa uchoyo. Nyama ikiletwa nyumbani kwake kutoka mahali pengine bila maneno, Paulo hamtaki aanze uchunguzi. Akiambiwa waziwazi kwamba ni ya tambiko, aache, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyemwambia (1 Wakorintho 10:25-29). Watu wengine darasani watataka kanuni kali kuliko hiyo, na wengine watamtaja Naamani aliyeomba ruhusa ya kuinama katika nyumba ya Rimoni pamoja na bwana wake (2 Wafalme 5:18). Elisha alimjibu aende kwa amani. Lakini Naamani alikuwa ameshakiri mbele ya watu kwamba hatatoa tena kafara kwa mungu mwingine. Aliinama kama mtumishi wa mfalme, mkono wa mfalme ukiwa juu yake. Anayemtaja Naamani akumbuke kukiri kule pia.

Na je, mama akirudi kutoka kuteka maji hospitalini na kukuta bibi amemvalisha mtoto pete ya ngozi ya kondoo kidoleni? Wapo watakaosema aikate papo hapo na kukemea pepo wodini. Paulo anafundisha kwamba sanamu si kitu (1 Wakorintho 8:4), na ukanda wa ngozi si zaidi ya hapo. Hakuna sababu ya kuuogopa, na kukemea kwa kelele kungewafundisha watu wote wa wodini kwamba una nguvu. Hata hivyo asiuache, maana bibi akiuona upo wakati mtoto anapona, ataamini kwamba ngozi ndiyo iliyoponya, na mtoto naye ataambiwa hivyo akikua. Aivue taratibu, mbele ya bibi na si kwa siri, amshukuru kwa kukesha, na amwambie nani ameombwa juu ya mtoto huyu.

Mengi ya haya hayawezi kufanywa na mama mmoja peke yake. Baba mkwe alikuja na watu wanane na kondoo; kanisa lilikuja na nani? Kwa wengi wa waliorudi kwenye matambiko baada ya ubatizo, mafundisho hayakuwa tatizo. Usiku ule hakukuja mtu. Ukoo ulisimama uani mpaka asubuhi, na kutoka kanisani ulifika ujumbe wa simu wa kuwaombea. Mzee wa kanisa na kina mama wa Dorkasi wanaofika alfajiri na pikipiki iliyokwisha kulipwa, wakabaki mpaka majibu ya maabara yatoke, wakamsalimu baba mkwe kwa jina na kukaa naye kwenye benchi lilelile, hao wanampa mama yule nafasi ya kukataa kondoo bila kukataa watu wake. Mkutano wa Shule ya Sabato unaweza kupanga hili kwa majina, zamu na fedha kidogo za akiba, kabla homa haijaingia nyumbani kwa mtu.

Kuhusu kondoo mwenyewe, kuna familia ambazo, baada ya mtoto kupona, zilimwacha hai akaendelea kula majani uani. Darasa linaweza kuzungumza juu ya mtakachomwambia baba mkwe akiuliza sasa amfanyeje.